Antibayotiki za mifugo: ziuzwe kwa cheti cha daktari tu?

Daktari wa mifugo: Tanzania tuna Sheria ya Veterinari tangu 2003, tuna Baraza linalosajili wataalamu. Dukani mambo ni mengine: mfugaji anasema "nipe oksi", anavutiwa mililita 10 kwenye bomba, anaondoka. Hiyo oksi, yaani antibayotiki ya oksitetrasaiklini, ya asilimia 20 ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za mnyama. Ng'ombe wa kilo 250 anataka 25, zichomwe sehemu tatu, maana zikizidi 10 mahali pamoja msuli unaumia. Kwa nusu dozi bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki. Na chupa ikiwa ya asilimia 10, kipimo ni hichohicho ila kesho anarudia. Wangapi wanarudia? Cheti kwanza.

Muuza dawa: Daktari, hicho cheti ataandika nani pale ambapo afisa mifugo mmoja anahudumia kata mbili? Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, haisubiri Jumatatu. Dawa yake, buparvakwoni, mililita 1 kwa kilo 20, inaokoa ikiwahi. Ng'ombe akishatoa povu puani, umetupa hela. Mkibana maduka, dawa zitahamia mnadani, zianikwe juani kutwa.

Afisa mifugo: Mkuu, umetetea antibayotiki kwa dawa ambayo si antibayotiki! Shida ndiyo hiyo: mfugaji anaona homa, anachoma oksi, wakati ndigana kali iliyokwisha kujitokeza haiponi kwa oksi. Inayopona ni ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe. Kuzitofautisha kunataka majimaji ya tezi iliyovimba chini ya sikio kwenye kioo kimoja, damu ya ncha ya sikio kwenye kingine, rangi ya Giemsa ya kuonyesha vijidudu, na hadubini. Sasa, cheti cha karatasi kitaghushiwa wiki ya kwanza. Dawa za minyoo na za kuogesha ziuzwe wazi, muuzaji aandike kipimo (amitrazi ya kuua kupe, ya asilimia 12.5: mililita 40 kwa pampu ya lita 20). Antibayotiki zitoke na chupa yake iliyofungwa, daftarini iingie uzito wa mnyama, simu ya mtaalamu aliyeagiza, na tarehe ya kuanza tena kuuza maziwa, dawa ikishaisha mwilini.

Muuza dawa: Chupa ya mililita 100 kwa mbuzi wa kilo 25 anayehitaji mbili na nusu? Zilizobaki zitazunguka kijiji kizima.

Daktari wa mifugo: Basi mwenye mbuzi mmoja achomewe na mtaalamu, asipewe dawa mkononi.

Muuza dawa: Kwa nauli ya nani? Na maziwa ya siku za kusubiri, nani atakayemwona mfugaji akiyamwaga?