Kilo 88, kiuno sentimita 98: nijaze mwili au nikate mafuta?

ChumaZege: Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Nipo Tanga, Ngamiani, miaka 27. Napiga chuma mwaka wa tatu sasa, uani kwa jamaa, nusu vyuma vya dukani nusu vya zege. Urefu sentimita 176, uzito kilo 88. Skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) kilo 150, benchi (kusukuma chuma nikiwa nimelala chali) 100, dedilifti (kuinua chuma toka chini) 180. Skwati haijasogea tangu kabla ya Ramadhani.

Ndoto yangu ni pawalifti, mashindano ya hivyo vitatu. Madaraja ya uzito ya IPF, shirikisho la kimataifa la pawalifti, kwa wanaume yana kilo 74, 83, 93, 105, na mimi nimening'inia kati ya 83 na 93. Pale uani mmoja anasema nile nifike 93, mwingine anakicheka kitambi changu. Kukata naogopa. Mwaka jana niliishi kwa matango na chai kavu, kilo 6 zikaenda kwa mwezi mmoja, benchi ikaporomoka toka 95 hadi 80.

MzeeWaVyuma: Marahaba. Shindano lini?

ChumaZege: Sina mzee wangu.

MzeeWaVyuma: Basi hayo madaraja achana nayo, yanamhusu anayekwenda kupimwa. Wewe chukua futi ya fundi cherehani. Kiuno kisizidi nusu ya urefu: nusu yako ni sentimita 88, kiuno kina 98. Hapo hakuna cha kujaza, pamejaa. Kata, ila nusu kilo kwa wiki, isizidi sana. Na kilichokuangusha mwaka jana si kukata, ni matango.

PwezaWaNazi: Napinga. Skwati iliyokwama inataka msosi. Mimi nilitoka 72 hadi 80, kila kitu kikapanda.

MzeeWaVyuma: Ulikuwa 72, kijana. Huyu akiba anayo, anaibeba tumboni. Skwati yake pengine imechoshwa na ratiba ileile ya miaka mitatu.

DadaMakorora: Mdogo wangu, mimi nimekata mara mbili na nguvu ikabaki, nikwambie la jikoni maana wanaume hawa hawapiki. Protini lenga gramu 1.6 kwa kila kilo yako, yaani kama 140 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo mayai peke yake yatakufilisi. Nenda Deep Sea asubuhi, chukua samaki, choma au chemsha. Dagaa wakavu ni rahisi na wana protini kuliko unavyodhani.

Asubuhi mbaazi usiziache. Punguza mahamri, na tui liwe jepesi, kwa sababu gramu moja ya mafuta ina kalori 9 na ya protini ina 4. Kitambi cha watu wa pwani kinaanzia kwenye tui, mtanisamehe.

Mazoezini uzito wa vyuma ubaki uleule, ukichoka punguza seti. Halafu wiki ya kwanza mzani ukishuka kilo mbili usishangilie. Ukipunguza wali mwili unamwaga maji. Hizo kilo ni waja leo waondoka leo.

PwezaWaNazi: Dada hapo kwenye tui umenigusa jina.

ChumaZege: Nimewaelewa, nakata. Leo nimekula hamri moja badala ya manne, muuzaji kaniuliza kama naumwa. Swali dogo: pilau ya Ijumaa kwa mama nayo inahesabiwa?

DadaMakorora: Inahesabiwa.