Mjadala: Simu na vishikwambi vitumike kufundishia afya shuleni?

Matroni wa Bweni
Wakuu, heshima kwenu. Shuleni kwetu simu kwa mwanafunzi ni marufuku, tunazikamata kila muhula. Lakini wiki ya chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, tulizidiwa na sauti moja ya WhatsApp: eti chanjo inafunga kizazi. Ilianzia kwenye simu za wazazi, ikaingia darasani kupitia watoto wa kutwa. Siku ya chanjo madawati yalikuwa matupu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inaongoza kuua wanawake wetu kwa saratani, na mimi napambana na uvumi nikiwa na chaki tu. Hoja yangu: vile vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, kwa nini visitumike saa moja kwa wiki wasichana na wavulana wakaandika maswali bila majina, nesi wa zahanati akajibu?

Baba Neema
Mwalimu, hapana. Leo kishikwambi, kesho TikTok. Mambo ya uzazi mtoto anafundishwa nyumbani. Binti anayeyatafuta mtandaoni huyo ameshaharibika. Halafu nunueni pedi kwanza, watoto wanakosa masomo kila mwezi, ndipo mje na teknolojia.

Binti Igunga
Ameshaharibika? Mzee wangu, mimi nilivunja ungo nikiwa kidato cha kwanza nikadhani nimeumia ndani. Nyumbani hakuna aliyenifundisha kitu. Nilielewa kwa kusoma jarida la Fema lililoletwa shuleni, tukiligombania hadi kurasa zinachanika. Nilikuwa natafuta, na sikuharibika. Na hizo pedi tusidanganyane: serikali ilifuta kodi 2017, wenye maduka wakabaki na bei ileile. Wezi wakubwa.

Muuza Jumla Kahama
Dada, mwaka haukuwa 2017. VAT ilifutwa kwenye bajeti ya 2018, ikarudishwa 2019, wakasema bei haikushuka. Nani alikuja dukani kwangu kuuliza kwa nini haikushuka? Mimi nauza ninavyouziwa na msambazaji. Nina mabinti watatu, hizo pedi nawanunulia pia. Futa neno wezi.

Binti Igunga
Kaka, 2017 au 2018, mfukoni kwa mwanafunzi ilikuwa hivyohivyo. Shuleni tulikata kanga za mama zetu. Wewe unahesabu katoni, mimi nakumbuka kukaa dawati la mwisho nisiinuke hadi wenzangu watoke.

Muuza Jumla Kahama
Pole kwa hilo, kweli kabisa. Lakini aliyepanga bei ni mwingine na lawama unanipa mimi.

Kidato cha Sita Mbeya
Naomba nami niseme kama mwanafunzi. Simu tunazo, wazee. Zimefichwa kwenye magodoro na kwenye ndoo za unga. Usiku tunauliza mtandao kuhusu kisonono, kuhusu msongo wa mawazo, na anayetujibu hatumjui. Mnabishana kama simu ziingie, wakati ziko ndani tayari.

Baba Neema
Umesikia, mwalimu? Ukaguzi uongezwe.

Matroni wa Bweni
Ndugu yangu, mtoto amekwambia anaumwa na msongo wa mawazo, wewe umesikia ndoo ya unga. Nikuulize jambo moja, kwa heshima. Neema alichanjwa?

Baba Neema
Hayo ni mambo ya familia yangu.

Nesi Mstaafu
Ni swali la haki, baba, kwa sababu umesema afya inafundishwa nyumbani. Nimefunga vidonda vya akina mama waliofika wakiwa wamechelewa. Usione aibu kujibu.

Baba Neema
Alibaki nyumbani siku ile. Mama yake alitumiwa ile sauti, akanisikilizisha. Mtoto ni mmoja, ningefanyaje?

Matroni wa Bweni
Ana miaka mingapi?

Baba Neema
Kumi na tatu.

Matroni wa Bweni
Basi bado hajachelewa. Chanjo ni kuanzia miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja. Mpeleke kituo cha afya, na hilo la kizazi muulize nesi mwenyewe, Neema akiwepo asikie.

Muuza Jumla Kahama
Dada wa Igunga, bado nasubiri ufute lile neno.