Mafundi wa zege nchi za baridi, acheni kusingizia theluji!

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Hivi kwa nini kila ukimuita fundi aje aangalie zege alilomwaga juzi tu na sasa linabanduka kama magamba ya samaki, jibu ni lile lile, "hiyo ni baridi bosi, hakuna namna"? Baridi gani? Siku anakuja kupima kazi aliijua, anaandika kotesheni aliijua, anapokea advansi aliijua, alafu leo eti imemshtukiza!

Kisa chenyewe ni hiki. Njia ya gari na ngazi za mlangoni zilikuwa zimechoka kweli, nyufa kila mahali, kona zimekatika, kuna kipande kimenyanyuka mpaka watu wanajikwaa. Tukalipa zivunjwe zote zimwagwe upya. Winta moja imepita, uso wa zege unatoka vipande vipande, kokoto ziko nje, na upande wa ukutani limetitia, maji ya theluji badala ya kwenda barabarani yanakuja kwenye msingi wa nyumba. Yaani tumelipia kubomoa tatizo la zamani tukauziwa lingine.

Mnajua kinachoniuma zaidi? Haya mambo yanajulikana. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9. Zege lina vitundu, maji yanaingia, usiku yanaganda mchana yanayeyuka, usiku tena yanaganda, kila zamu yanapasua kidogo ndani kwa ndani. Dawa yake ipo tangu miaka ya 1930, kuna kemikali inawekwa kwenye mchanganyiko inatengeneza viputo vidogo sana vya hewa, kiasi cha asilimia 5 mpaka 8 hivi ya zege lote, ili barafu ikitanuka ipate pa kwenda. Zege la nje kwenye baridi bila hiyo hewa ni wizi. Nilipomuuliza fundi aliagiza la hewa asilimia ngapi akanuna kama nimemtukania mzazi.

Na maji! Lori linafika, zege ni zito kidogo, vijana hawataki kuchoka kusambaza, mmoja anashika mpira wa maji anaongeza, anaongeza tena. Kwa sehemu itakayomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu uzito wa maji usizidi 0.45 ya uzito wa simenti, ndo kiwango kinachotambulika. Hao wanapima kwa macho. Alafu zege bado linatoa maji juu wao washaanza kulipiga mwiko, wengine wananyunyiza maji mengine juu ili mwiko uteleze vizuri. Uso unang'aa siku ya kukabidhi kazi, unapiga picha, unalipa, kumbe umelipia ngozi laini isiyo na nguvu na ikija baridi hiyo ngozi ndo ya kwanza kuondoka.

Tuje chini sasa, maana hapa ndo uhuni wenyewe ulipo. Lile zege la zamani halikunyanyuka kwa kupenda. Udongo laini unaoshika maji ukiganda unavuta maji mengine kutoka chini, unatengeneza matabaka ya barafu, na hiyo barafu inanyanyua kila kitu kilicho juu yake, ikiyeyuka udongo unabaki tope na zege linatitia. Sasa wewe fundi umevunja la juu, ukaacha udongo ule ule, ukatupia kokoto kiduchu za kufunika aibu, ukamwaga jipya. Ulitegemea nini? Ilitakiwa kuchimba, kujaza kokoto sentimita 10 mpaka 15 na udongo ukiwa mbaya zaidi ya hapo, kushindilia kwa mashine sio kwa buti, na kuweka mteremko kama sentimita 2 kwa kila mita kutoka kwenye nyumba. Kushindilia hakuonekani kwenye picha ndo maana wanaruka. Hata zile mistari za kukata ili zege lipasuke kwa mpangilio hawakati vizuri, zege la unene wa sentimita 10 linataka mkato kila mita 2.5 mpaka 3 na uzame robo ya unene, sisi tumechorewa mikwaruzo tu kama urembo.

Wenye maduka ndo wanaumizwa zaidi. Paking inapita malori ya mizigo wanamwagiwa unene ule ule wa gari ndogo. Au wanaambiwa hakuna haja ya kuvunja, tunapaka safu nyembamba juu "inakuwa mpya", wakati chini zege limeshaoza na udongo unacheza. Ufa wa chini unapanda juu, ile safu inabanduka, mteja anateleza mlangoni kwako na kesi ni yako sio ya fundi.

Kingine ni kukimbizana na msimu. Wanakusanya kazi nyingi, baridi inaanza, wanamwaga hivyo hivyo na ardhi ishaanza kuganda. Kumwaga juu ya udongo ulioganda ni mwiko kabisa, na joto likishuka chini ya nyuzi 5 lazima lifunikwe na mablanketi likomae, maana zege changa likiganda kabla halijapata nguvu halirudi tena kuwa sawa. Hayo mablanketi nimeyaona kwenye kotesheni, kwenye saiti sikuyaona.

Alafu waranti sasa. Inasema kubanduka kwa uso hakuhusiki, na ukitumia chumvi ya kuyeyusha barafu imekufa. Siku ya kukabidhi hakuna aliyetamka kwamba winta ya kwanza tutumie mchanga tu, wala kwamba zile dawa zenye amonia zinalila zege lenyewe. Wanakumbuka kukwambia siku ya kukunyima haki.

Lori la zege linakuja na karatasi inayoonyesha aina ya mchanganyiko ulioagizwa. Nimemuomba fundi karatasi ya zege langu, kila siku "naitafuta bosi". Aliyewahi kumbana fundi mpaka akavunja na kurudia kwa hela yake mwenyewe aseme alianzia wapi, maana hii kazi siiachi hivi hivi.