Torchwood bila kuijua Doctor Who: nianzie wapi?

Mtazamaji_Mpya:
Wakuu, nataka kuiangalia Torchwood, tamthilia ya televisheni ya Uingereza iliyotokana na Doctor Who, misimu yote minne, lakini Doctor Who siijui na sitaweza kuimaliza yote. Nimekwama kwenye episodi ya kwanza tu. Jack, kiongozi wa timu, anapigwa risasi ya kichwa, anainuka. Kuna mkono wa mtu unaelea kwenye chupa. Vita vya Canary Wharf vinatajwa kana kwamba kila mtu alikuwepo. Episodi zipi za Doctor Who ni za lazima, na niziingize wapi? Naomba msinifichulie nani anakufa.

Ufa_wa_Cardiff:
Kabla ya msimu wa kwanza zinakutosha sita, na zinakwenda mbilimbili.

The Empty Child na The Doctor Dances (2005): hapo Jack anaingia kwa mara ya kwanza, tapeli anayesafiri katika wakati, London ya 1941 ikipigwa mabomu. Halafu Bad Wolf na The Parting of the Ways, mwaka huohuo. Jack anauawa na Dalek, kiumbe katili aliye ndani ya gamba la chuma, kisha Rose, anayesafiri na Doctor, mhusika mkuu wa Doctor Who, akiwa amebeba nguvu iliyotoka ndani ya moyo wa TARDIS, chombo chao cha kusafiria katika wakati, anamrudishia uhai. Tatizo ni kwamba nguvu ile hakuweza kuipima. Alitaka kumfufua mara hiyo tu, akamfufua milele. Basi risasi ya kichwa inamuua kweli, na inamuuma, ila hawezi kubaki amekufa.

Jozi ya tatu ni Army of Ghosts na Doomsday (2006). Torchwood ya London, yaani tawi la shirika la siri ambalo tamthilia inalihusu, ilikuwa ndani ya mnara wa Canary Wharf, ikachezea mwanya wa kwenda ulimwengu mwingine uliokuwa pale, Cybermen (watu waliogeuzwa mashine) na Dalek wakamwagika duniani. Usiiruke hata kidogo. Ianto, mmoja wa timu ya Jack, ni manusura wa siku ile, na Cyberwoman, episodi ya nne ya Torchwood, haina maana bila hiyo.

Mkono ni wa Doctor mwenyewe. Ulikatwa kwa upanga katika The Christmas Invasion (25 Desemba 2005), naye akaota mwingine palepale. Jack anautunza umsaidie kujua Doctor akikaribia.

Ukimaliza episodi 13 za msimu wa kwanza, simama. Usiingie msimu wa pili. Mwishoni mwa End of Days Jack anatoweka, na alikokwenda kunaonyeshwa katika Utopia, The Sound of Drums na Last of the Time Lords (2007). Wengi wanaikosa hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini Kiss Kiss, Bang Bang inaanza na timu iliyomkasirikia kiongozi wao. Katika Utopia utajua pia Jack amesubiri muda gani: alitaka kurudi karne ya 21, kifaa chake cha mkononi kikamtupa mwaka 1869 na kuungua, na aligundua kwamba hafi baada ya kupigwa risasi ya moyo Ellis Island mwaka 1892.

Hub_Chini:
Orodha nzuri, ila Boom Town (2005) ningeiweka kwenye lazima, kati ya jozi ya kwanza na ya pili. Bila hiyo hujui kwa nini timu iko Cardiff, Wales. TARDIS inatua pale kujaza nishati kutoka kwenye ufa wa wakati unaopita chini ya mji, na ndiyo maana Jack akaweka kambi hapohapo: alijua Doctor ipo siku atarudi kujaza. Tooth and Claw (2006) ni ya hiari. Inaonyesha Malkia Victoria akiamua kuanzisha Torchwood mwaka 1879, na jambo hilo unaweza kulibeba kwa sentensi moja kama hivi.

Angalizo kubwa: The Stolen Earth na Journey's End (2008) ziangalie baada ya Exit Wounds, episodi ya mwisho ya msimu wa pili, kamwe si kabla. Kamera inaingia Hub, makao ya timu, mapema sana, na ukihesabu tu watu waliomo umeshafichuliwa yote.

Kagua pia toleo ulilonalo. Torchwood ilianza BBC Three tarehe 22 Oktoba 2006 ikiwa ya watu wazima, usiku, na ngono na damu zake. Msimu wa pili ulitengenezewa pia toleo lililokatwa, la kurushwa mapema jioni. Ukiona mazungumzo yanaruka katikati ya tukio, huenda umeshika hilo.

Dawa_ya_Kusahau:
Niongeze upande wa wahusika, maana wapo wanaoshauri kuruka nusu ya msimu wa kwanza, na hapo ndipo wanapoipoteza timu. Greeks Bearing Gifts ndiyo inayomfungua Toshiko, mmoja wa timu: anapewa kidani kinachomsikilizisha mawazo ya wengine, na anachosikia kutoka kwa wenzake Owen na Gwen kinamfuata hadi mwisho. Owen anaonekana mtu mchafu mpaka Out of Time, ndege ya 1953 inapotua Cardiff ya leo. Captain Jack Harkness, episodi ya 12, inaeleza jina analolitumia Jack alilitoa kwa nani. Combat na Random Shoes ukiziacha hupotezi uzi, ingawa ya pili ina upole ambao msimu ule unauhitaji.

Msimu wa pili usiruke Meat, Reset wala Fragments. Fragments inaonyesha Jack, Toshiko, Ianto na Owen walivyoajiriwa, na imewekwa ya 12 kwa makusudi. Usiihamishie mwanzo.

Mtazamaji_Mpya:
Asanteni sana. Je, Children of Earth, yaani msimu wa tatu, inaweza kusimama peke yake? Naambiwa ndiyo bora kuliko zote.

Ufa_wa_Cardiff:
Hadithi inasimama: siku tano, episodi tano, zilirushwa usiku tano mfululizo, tarehe 6 hadi 10 Julai 2009. Watoto wote duniani wanasimama kwa pamoja na kusema maneno yaleyale. Peter Capaldi akiwa Frobisher, mtumishi wa serikali anayetii hadi anapokwisha, anatosha kukukalisha. Lakini uzito wa siku ya nne na ya tano unatokana na misimu miwili unayotaka kuiruka. Jack anafanya uamuzi ambao mgeni ataulaani tu. Aliyetoka naye tangu mwanzo atauelewa, na utamuumiza zaidi.

Baada yake angalia The End of Time, sehemu ya pili (1 Januari 2010), kwa ajili ya dakika chache za Jack baani. Kisha Miracle Day (2011), msimu wa nne, episodi kumi zilizotengenezwa pamoja na kituo cha Starz cha Marekani. Humo kanuni imegeuzwa: hakuna binadamu anayekufa tena, isipokuwa Jack, ambaye sasa jeraha lake haliponi. Episodi za katikati zinavutwa mno. Vumilia hadi Immortal Sins, ya saba.