Sili ya gurudumu la nyuma imebadilishwa, oili bado inavuja (Canter ya viazi, Njombe)

DadaViazi

Habari za kazi wakuu. Nina Canter (lori dogo) ya tani 4, breki za mafuta, tairi pacha nyuma. Inabeba viazi kutoka Njombe kwenda Dar, kwa hiyo kila safari inashuka mteremko mrefu wa Kitonga ikiwa imejaa. Mwezi uliopita dereva aliona tairi la ndani, nyuma kulia, limelowa oili. Fundi akafungua, akabadilisha sili (pete inayozuia oili isitoke), akaosha breki shuu (vipande vinavyobana ili gurudumu lisimame) kwa petroli, akafunga. Juzi pamelowa tena palepale. Dereva anasema akikanyaga breki gari inavuta kushoto, na pedali inazama kuliko zamani. Fundi anataka hela ya sili nyingine, halafu akaze breki. Mimi si fundi, ila gari ni langu na dereva ni mdogo wangu, tumbo moja. Sitaki ashuke Kitonga kwa kubahatisha. Nimuulize fundi nini kabla sijatoa hela?

FundiIringa

Pole sana dada. Kabla ya yote, gari lisipakiwe mpaka gurudumu hilo lifunguliwe. Shuu za kulia zikiwa na oili, kule nyuma anayefanya kazi ni wa kushoto peke yake, ndiyo maana gari linavuta upande huo. Kwenye mteremko mrefu huyo mmoja atapata moto mpaka naye aache kushika.

Mwambie fundi asioshe kitu kwanza. Aguse, anuse. Oili ya difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) inateleza na ina harufu kali ya kiberiti. Grisi iliyoyeyuka kwa moto ni nzito na huganda ikipoa. Mafuta ya breki ni mepesi na hubabua rangi. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea njia: wanaona unyevu, wanasema sili. Kama ni mafuta ya breki, basi ni wili silinda (kisilinda kinachosukuma shuu) inayovuja, na hata ubadilishe sili kumi haitasaidia. Wewe umesema pedali inazama, kwa hiyo angalieni kopo la mafuta ya breki leo hii. Kama linapungua, jibu mmeshalipata.

Kama ni oili ya difu, swali langu kwa fundi ni hili: alibadilisha sili ipi? Kwenye magari haya habu (kitovu cha gurudumu) inakaa na grisi yake, na kuna sili ya ndani inayozuia grisi isiende kwenye breki, na kuna sili ya nje inayozuia oili ya difu isiingie kwenye habu. Ya nje ikifa, oili inaingia, inaiyeyusha grisi, inaisukuma ya ndani mpaka nayo inashindwa. Ukibadilisha ya ndani tu, umeziba mlango wa pili na wa kwanza uko wazi.

Halafu sili haifi hivihivi, kuna kinachoiua. Juu ya ekseli kuna kofia ndogo ya kupumulia. Ikizibwa na tope, difu ikipata moto hewa haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Magari ya mashambani huku kwetu naikuta imeziba mara nyingi sana, na kuisafisha hakuna gharama. Sababu nyingine ni oili iliyojazwa kupita tundu la kujazia, au beringi iliyolegea, maana habu ikicheza sili nayo inacheza. Na shingo ya ekseli pale mdomo wa sili unapokaa: apitishe ukucha. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja kama ya zamani. Hapo inawekwa pete mpya ya kukalia sili, au kama nafasi inaruhusu sili inakalishwa kina tofauti kidogo ili mdomo upate mahali palaini.

Sasa usalama, na hili naomba umsomee mdogo wako. Canter nyingi hendibreki yake inashika propela shafti (mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini kwenye difu), haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, au ukichomoa shafti ya ekseli, hendibreki haina kazi tena na gari linaweza kutembea. Magurudumu ya mbele yawekwe vigingi pande zote mbili, na ekseli ikae kwenye stendi za chuma. Mtu asiingie chini kwa kutegemea jeki.

Wakati wa kufunga: sili ipakwe grisi kwenye mdomo na igongwe kwa bomba au kipande cha mbao kinachokaa sawasawa juu yake, isigongwe pembeni kwa nyundo. Beringi zioshwe, zikauke, zijazwe grisi mpya mpaka katikati ya roli. Nati ya habu ikazwe huku habu inazungushwa ili roli zikae, ilegezwe, kisha ikazwe kwa kipimo cha gari. Kipimo kinachukuliwa kwa mizani ya kuvuta iliyofungwa kwenye stadi ya gurudumu, na kila modeli ina namba yake kwenye kitabu. Fundi akikwambia anakaza kwa mkono wa uzoefu, muombe avute mizani mbele yako. Ikizidi kukazwa beringi inaungua, ikilegea sili inakufa tena.

Shuu zilizolowa oili hazioshwi. Petroli inatoa ya juu tu. Iliyozama ndani inarudi juu breki zikipata moto, yaani palepale katikati ya Kitonga.

Dereva_Msa

Salamu kutoka Mombasa. Fundi amesema vizuri, naongeza tu kwa wenye breki za hewa wanaosoma hapa, kwa sababu hizo hurekebishwa tofauti. Jaza hewa kwanza ili springi ya breki ya kuegesha iachie, na magurudumu yawe na vigingi. Zungusha bolti ya slaki (mkono wa kurekebishia breki ya hewa) mpaka shuu iguse dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu), halafu rudisha robo hadi nusu ya mzunguko. Kama slaki ni za kujirekebisha zenyewe na bado kila wakati unazikaza kwa spana, usizoee hiyo. Tafuta bushi zilizokwisha au slaki iliyokufa. Na chemba ya springi isifunguliwe barabarani na mtu yeyote. Ile springi inaua.

DadaViazi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Tumefungua leo. Kopo la mafuta ya breki liko sawa, wili silinda kavu. Harufu ni ya kiberiti kabisa. Kofia ya kupumulia ilikuwa imeziba kwa tope lililokauka, na sili ya nje ni ya zamani, haikuguswa. Ukucha haukunasa. Nimenunua sili zote na shuu za kulia. Fundi anasema za kushoto bado nene, niokoe hela. Na kukaza breki anafanyaje ili nijue?

FundiIringa

Vizuri sana. Shuu nunua za pande zote mbili dada. Mpya upande mmoja na zilizotumika upande wa pili hazishiki sawa, na mtarudi kwenye kuvuta upande mmoja. Dramu zipimwe pia. Kipenyo cha mwisho huwa kimeandikwa kwenye dramu yenyewe; ikikipita, haichongwi tena, inabadilishwa. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa, lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Lainingi (sehemu ya shuu inayosuguana na dramu) za zamani nyingine zina asbesto na vumbi lake linaharibu mapafu.

Kukaza kunafanyika dramu ikiwa baridi. Dramu ya moto imetanuka, ukiikaza hivyo, ikipoa inabana. Gurudumu likiwa juu, anapitisha bisibisi kwenye tundu la bati la nyuma na kuzungusha kile kigurudumu cha meno mpaka gurudumu ligome kuzunguka kwa mkono. Kisha anarudisha jino moja moja mpaka lizunguke bila kubanwa. Akanyage pedali mara kadhaa ili shuu zikae katikati, aangalie tena. Kama kila gurudumu lina virekebishi viwili, vyote vifanyiwe, na meno ya kurudisha yawe sawa kulia na kushoto. Pedali itapanda yenyewe.

Nati za tairi: gari la Kijapani la zamani, upande wa kushoto zinafunguka kinyume, asizilazimishe. Kwenye tairi pacha, kukaza upya kunaanza kwa kulegeza nati ya nje, kukaza ya ndani, ndipo ya nje. Hilo lirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa hiyo mdogo wako akifika Makambako asimame akaze. Hapohapo aguse habu zote mbili za nyuma kwa tahadhari. Ya kulia ikiwa ya moto sana kuliko ya kushoto, asiendelee, anipigie picha aiweke hapa.

DadaViazi

Shuu za kushoto nimezifuata sasa hivi. Tutaijaribu gari kesho bila mzigo.