Mrejesho: seti ya sataranji niliyoichagua
Mwezi uliopita niliomba ushauri kati ya seti ya sataranji ya mpingo na ile ya mbao za sheshamu kutoka India, kwa kuwa mimi na kaka yangu hucheza kila jioni. Nawashukuru nyote, nimechukua ya sheshamu, maana ile ya mpingo, pamoja na uzuri wake, ingenifanya niogope kuigusa. Mfalme ana urefu wa sentimita 9.5, kipimo kinachopendekezwa na FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, nami nikatafuta ubao wenye viraba vya sentimita 5.5 ili kete zisibanane. Chini zimetiwa uzito wa chuma, hivyo haziyumbi. Kasoro ni farasi mmoja mweupe, aliyeanguka sakafuni akakatika sikio. Nimelibandika kwa gundi ya mbao.