Mgonjwa wa kiharusi kuuwazia mkono wake: je, kuna faida?

Binti wa Sahare
Asalaam aleikum. Mama yangu, ambaye tunaishi naye Sahare hapa Tanga, alipatwa na kiharusi miezi minne iliyopita. Mkono wake wa kulia ungali mzito. Bega hunyanyuka kidogo, lakini vidole akishavikunja havikunjuki. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amemwelekeza kwamba kila amalizapo mazoezi alale chali, afumbe macho, awazie anaunyoosha mkono huo na kushika kikombe. Kaka zangu wanacheka, wakisema kwamba kama kuwaza kungetosha tusingelipa nauli ya daladala kwenda hospitali. Je, jambo hili lina msingi?

Mnyoosha Viungo
Waalaikum salaam, dada, na pole kwa kuuguza. Msingi upo. Mtu anapowazia mwendo wa mkono, sehemu nyingi za ubongo zinazoupanga mwendo huo hushughulika ingawa mkono umetulia, kwa hiyo mgonjwa ambaye misuli yake huchoka upesi hupata njia ya kuurudia mwendo mara nyingi zaidi. Hata hivyo, kaka zako hawakukosea kabisa. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2011, lenye wagonjwa 121, ambamo kuwaza hakukufungamanishwa na mazoezi ya mkono wenyewe, halikuonyesha nafuu ya ziada. Ilhali mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha matokeo ya tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 25 zenye washiriki 676, yaliona kuwa kuwaza kukiongezwa juu ya tiba nyingine, mkono hufaidika kuliko kwa tiba hiyo pekee. Nauli mtaendelea kulipa.

Binti wa Sahare
Ahsante. Ila Mama anasema mkono anauona kama wa mtu mwingine, kwa mbali.

Mnyoosha Viungo
Hapo ndipo wengi wanapopotea. Asijitazame kwa nje. Ausikie mkono kwa ndani, kiwiko kinavyonyooka, kikombe kinavyolemea, joto la chai kiganjani. Mwendo uchukue muda ule ule ambao ungechukua kwa kweli. Akisema amemaliza kabla hujapumua, akili imeruka. Dakika chache za utulivu zinatosha kuanzia. Wako pia ambao kiharusi kimewaharibia sehemu ya ubongo inayojenga taswira hizo, nao wasilazimishwe.

Mjukuu wa Ngamiani
Nami niongeze kwamba babu yangu, fundi cherehani, kikombe hakikumwingia akilini hata siku moja. Tulipombadilishia, awazie anasukuma kitambaa chini ya sindano, alitulia. Mama yako alikuwa akifanya kazi gani ya mikono?

Binti wa Sahare
Alikuwa akisuka ukili wa mikeka. Jana baada ya alasiri nilimwomba asuke kwa mawazo, pole pole, kidole gumba kikikunja mwaa mmoja baada ya mwingine. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, macho yamefumbwa: "Miyaa hii mikavu, leteni maji niiloweshe kwanza."

Mnyoosha Viungo
Basi mwendeleeni na huo ukili, dada. Na akifumbua macho, mwekeeni miyaa halisi mkononi.